Klipu Iliyomfunga Machibya

Machibya Mayala hupenda kuwaambia watu kwamba amefungwa mara mbili maishani mwake. Mara ya kwanza alifungwa Butimba. Akifika hapo hunyamaza kidogo, maana mtu yeyote wa Mwanza akisikia kwamba fulani alifungwa Butimba, mawazo yanakwenda gerezani moja kwa moja. Akishaona nyuso zimebadilika ndipo humalizia: alifungwa kanisani, pingu za maisha, yeye na Teodora, mwaka ule magugu maji yalipolifunika ziwa hadi wavuvi wakawa wanapitisha mitumbwi kwa kupapasa. Mara ya pili alifungwa na kifaa alichokibuni mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wageni, akiwa amevaa suti ya shemeji yake. Na hiyo ya pili, anasema, ndiyo iliyomfunza adabu, ingawa Teodora hakubaliani naye kwenye hilo.

Machibya ni mtu wa presi. Katika kiwanda cha kuchambua pamba anachofanyia kazi, huko njia ya Kigongo, presi ni ile mashine kubwa inayoshindilia pamba iliyokwisha kutenganishwa na mbegu mpaka inakuwa robota, gumu kama ukuta. Pamba ikiwa bado imebanwa, watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, hupitisha mikanda minane ya chuma kuizunguka. Kila mkanda hufungwa kwa klipu, kidude cha chuma kisichozidi urefu wa kidole cha kati, chenye matundu mawili. Ncha moja ya mkanda inaingia tundu hili na kukunjwa, ncha ya pili inaingia tundu lile na kukunjwa. Kisha presi inafunguliwa. Pamba iliyokuwa imenyimwa pumzi inataka kurudi ilivyokuwa. Robota linavimba, mikanda inalia, na nguvu yote ile inaviangukia vile vidude vinane.

Kwa miaka kumi na tisa Machibya alisimama upande wa kushoto wa presi. Upande wa kulia, kwa miaka kumi na mmoja ya hiyo, alisimama Okwach, Mjaluo wa Shirati, mtu mrefu asiye na maneno mengi, ambaye akisema "sawa" ujue amehutubia. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba walipitishiana mikanda bila kutazamana.

Msimu wa mwaka juzi kiwanda kilipokea klipu mpya, nyepesi, zinazong'aa kama sarafu. Wiki ya tatu, moja ikaachia. Mkanda ulimchapa Okwach kuanzia kona ya mdomo hadi karibu na sikio. Alishonwa nyuzi kumi na nne na kupoteza meno mawili. Alirudi kazini baada ya miezi miwili, uso umepona lakini tabasamu limehamia upande mmoja, na tangu siku hiyo kila presi ilipotaka kufunguliwa alikuwa akirudi nyuma hatua sita na kusimama nyuma ya nguzo. Hakumweleza mtu sababu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Hapo ndipo Machibya alipoapa kwamba atatengeneza klipu isiyoachia.

Ukimuuliza leo kwa nini aliapa, atakwambia alifanya kwa ajili ya Okwach. Lakini ukimwacha aendelee kuongea, ukweli wenyewe utatoka. Theluthi moja ilikuwa kwa ajili ya Okwach. Theluthi mbili zilizobaki zilikuwa kwa ajili ya picha aliyokuwa nayo kichwani. Aliwahi kuona kwenye televisheni ya kinyozi mzee mmoja aliyebuni mashine ya kukamua alizeti akivishwa skafu huku watu wakipiga makofi, na tangu siku hiyo shingo yake Machibya imekuwa ikiwasha, ikiitamani skafu. Elimu yake ni darasa la saba, na hata hilo la saba, anasema, alilimaliza kwa sababu walimu walikuwa na haraka ya kumwondoa. Lakini alijiambia kwamba aliyebuni mashine ya alizeti naye hakuzaliwa na kalamu mkononi.

Akalichukua daftari la zamani la binti yake Mhoja, ambaye alikwisha olewa Geita, akaanza kuchora kwenye kurasa zilizobaki. Teodora, ambaye ni mpishi katika chuo cha ualimu, akirudi jioni anamkuta mezani, miwani imeshuka puani, mkasi mkononi, anakata mabati ya makopo ya maziwa.

"Baba Mhoja, huyu ni samaki?" Teodora aliuliza siku moja, ameinua kipande kimoja kwa vidole viwili.

"Ni klipu."

"Mbona ina mdomo?"

"Hiyo ni sehemu ya kung'atia mkanda."

Teodora alikitazama tena kile kidude, kisha akamtazama mumewe. "Haya. Ila usikiache hapa, nisije nikakikaanga."

Baada ya mwezi mmoja Machibya alikuwa na mchoro alioamini umekamilika. Akaupeleka Nyegezi, kwenye karakana ya kuchomelea vyuma iliyosifiwa na watu wengi kwa kazi safi. Pale nje alimkuta msichana mmoja amevaa ovaroli, amepandisha miwani myeusi kichwani, anakunywa soda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

"Yupo."

"Hebu niitie."

"Ameshaitika," alisema yule msichana, akaweka chupa chini na kunyoosha mkono kuchukua ule mchoro.

Ndiye Suzana, mwenye karakana, umri wake miaka ishirini na saba. Machibya alimpa daftari huku akitazama kule ziwani, kama mtu aliyeona jambo la maana sana kwenye maji. Suzana aliusoma mchoro kwa utulivu, akaugeuza, akaugeuza tena. Akasema chuma cha springi za gari kuukuu kingefaa. Kisha akaweka kidole kwenye yale matundu.

"Baba, kingo za hapa umezichora kali. Mkanda ukivutwa, hizi zitaukata."

"Mwanangu," alisema Machibya, "mimi nimeshika mikanda kabla wewe hujazaliwa."

Jambo hilo hata kwa hesabu za darasa la tatu halikuwa kweli, na Suzana, ambaye hesabu alikuwa anazijua, alimwangalia tu, akashusha miwani yake, akatengeneza kama alivyoambiwa.

Klipu ya kwanza iliitwa Machibya Namba Moja. Jina hilo alilitoa mwenyewe, na alilichonga mwenyewe juu ya chuma kwa msumari, herufi zikapishana ukubwa kwa sababu alianza kubwa mno akaishiwa na nafasi. Meneja wa kiwanda, Bwana Masele, kijana mwenye heshima asiyependa kumvunja mtu moyo, alikubali ijaribiwe kwenye mkanda mmoja kati ya minane, na akaamuru watu wote wakae nyuma ya wavu wa chuma. Presi ikafunguliwa. Robota likavuta pumzi. Mkanda wa tatu ulikatika palepale kwenye klipu, ukakatika vizuri, kama uliokatwa na mkasi wa fundi nguo, ukapiga mluzi na kuichukua kofia ya Machibya iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani. Kofia ilipatikana upande wa pili wa ghala. Mkanda wenyewe ulikuwa umepita katikati ya neno "Yanga" lililoandikwa mbele yake.

Okwach, kutoka nyuma ya nguzo yake, alisema, "Sawa."

Kesho yake Machibya alikuwa Nyegezi. Njia nzima alikuwa anatafuta namna ya kusema asilotaka kulisema.

"Suzana, nimekaa nikafikiria sana," alianza. "Nimeona tuzilainishe zile kingo."

"Umefikiria vizuri, baba," alisema Suzana, na hakuongeza neno. Machibya anasema angetukanwa ingekuwa nafuu.

Suzana alizilainisha kingo. Halafu, bila kuombwa, akaongeza kitu chake: ulimi mdogo wa chuma katikati ya klipu, uliopinda kuelekea ndani, hivi kwamba mkanda ukivutwa zaidi, ule ulimi unazidi kukandamiza. Hiyo ndiyo Namba Mbili. Walipoijaribu, ilishika. Wakajaribu robota la pili, la tano, la ishirini. Haikuteleza, haikukata, haikulia. Machibya alikuwa akiligonga robota kwa kiganja kama mtu anayemsifu ng'ombe wake mnadani, na kila aliyepita aliambiwa habari ya ule ulimi, lakini siyo habari ya aliyeubuni.

Ikatokea kwamba msimu huo klipu za kutoka nje zilichelewa bandarini Dar es Salaam. Zilizokuwepo ghalani zilikuwa zinaelekea kwisha na pamba ilikuwa inaingia kwa malori. Bwana Masele akamwita Machibya ofisini.

"Mzee Machibya, Alhamisi tunapata wageni. Ni watu wa kiwanda cha kusokota nyuzi, wanunuzi wetu. Wakiridhika na klipu yako, tutaitumia mpaka zile za bandarini zifike. Utawaonyesha wewe mwenyewe."

Machibya alitoka ofisini akiwa haoni ngazi. Aliziruka mbili za mwisho, akatua kwa goti, akainuka kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

Suala lililobaki lilikuwa la mavazi. Yeye hana suti. Mwenye suti katika ukoo ule ni Yeremia, kaka yake Teodora, mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa na moja ya rangi ya kahawa iliyoiva, yenye koti refu kwa nyuma. Yeremia aliitoa kwa masharti: isikunjwe, isiloane, irudi kabla ya Jumapili. Machibya ni mfupi kuliko Yeremia kwa kichwa kizima, kwa hiyo koti lilimfika karibu na magoti.

"Unakwenda kufunga robota na suti?" Teodora aliuliza asubuhi ile ya Alhamisi.

"Mbunifu hawezi kusimama mbele ya wageni na ovaroli, Mama Mhoja."

"Na ukifika kwenye mashine?"

"Nikifika kwenye mashine nitakuwa mwangalifu."

Teodora alimrekebishia kola. Mpaka leo anasema alijua.

Wageni walikuwa watano. Aliyeonekana kuwa mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye daftari jeusi, jina lake Dorcas, aliyekuwa akisikiliza zaidi kuliko kuongea. Walisimama nyuma ya wavu, na Bwana Masele akawatambulisha. Machibya akatoa hotuba. Alikuwa ameiandaa siku tatu. Ilianza na historia ya pamba Usukumani, ikapita kwa babu yake aliyelima ekari nne, ikakaribia kufika kwenye klipu, ikarudi tena kwa babu. Okwach upande wa kulia alikuwa amekwisha pitisha mikanda yote minane na anasubiri.

Hatimaye Machibya akageuka kufunga. Alizifunga klipu saba vizuri. Ya nane ilikuwa chini, upande wake, na ili aifikie akainama, akajipinda, akageuza mgongo kwenye robota huku bado anazungumza na wageni kwa kutazama juu ya bega. Mkia wa koti la Yeremia ukaingia kati ya pamba na mkanda. Yeye hakuhisi kitu. Alikunja ncha, akaisikia klipu ikisema "ka", akampungia mkono mwendesha presi.

Okwach akarudi hatua zake sita. Presi ikafunguliwa. Robota likavuta pumzi.

Machibya anasema alihisi kama mtu aliyeshikwa na mkwewe kwa nyuma. Alitaka kwenda mbele, akashindwa. Alijaribu tena, kwa adabu, asionekane. Koti lilikuwa limebanwa na nguvu ile ile iliyobana kilo karibu mia mbili za pamba, na ule ulimi wa Suzana ulikuwa unazidi kukandamiza, kama ulivyotengenezwa. Vifungo vya mbele alikuwa amevifunga vyote vitatu, kwa heshima ya wageni, na koti lilivyovutwa nyuma vilizama tumboni, vidole havikuweza kuvipata.

Mtu mwenye akili angesema palepale, "Jamani, nimeshikwa." Machibya hakusema. Akaweka kiwiko juu ya robota, kama mtu anayepumzika kwenye kaunta, akaendelea na hotuba.

"Kwa hiyo, kama mnavyoona," alisema, "klipu hii haiachii."

Wageni wakaitikia kwa vichwa. Akawaeleza habari za chuma cha springi, habari za kingo, na katika kutafuta cha kusema akajikuta, kwa mara ya kwanza, anaeleza kwamba ule ulimi ulikuwa wazo la fundi Suzana wa Nyegezi. Anasema hofu ndiyo iliyomtoa ukweli huo, wala asisifiwe. Bwana Masele alikuwa akimtazama kwa mshangao, kwa sababu hajawahi kumwona mzee huyu akikaa mahali pamoja muda mrefu namna ile.

Halafu mtu wa toroli akafanya kazi yake. Robota likitoka kwenye presi husukumwa moja kwa moja hadi kwenye mizani. Akaligonga, akaliinamisha kwenye toroli, akaanza kusukuma, yeye akiwa nyuma haoni mbele. Machibya akaenda nalo. Kwanza alitembea kinyumenyume, bado anatabasamu, bado ameinua kidole kama mtu anayesisitiza hoja. Kisha miguu ikashindwa kufuata mwendo, akakaa kwenye ukingo wa toroli. Wageni watano waligeuza vichwa kumfuata, taratibu, kama watu wanaotazama jeneza la mtu wasiyemfahamu.

Kwenye mizani alikuwepo Selina, mpimaji, mama asiye na mzaha kabisa na kazi yake. Yeye husoma namba, hatazami robota.

"Mia mbili arobaini na sita," alisoma kwa sauti. Akasoma tena. "Haiwezekani. Hii pamba ina nini ndani?"

"Nimo mimi," alisema Machibya.

Kicheko kilichozuka humo ndani kilisimamisha hata mashine za kuchambulia, maana waendeshaji walitoka kuja kuona. Okwach alikuja na kisu kile kirefu cha kukatia magunia. Alizunguka nyuma, akatazama, akapiga magoti.

Na hapa ndipo Machibya, akisimulia, huacha kucheka. Alikuwa amekaa pale, ameaibika hadi kwenye kucha, na jambo pekee lililokuwa kichwani mwake lilikuwa sura ya Yeremia. Koti si lake. Koti linatakiwa Jumapili.

"Okwach," alinong'ona, "chukua mkasi wa kukatia chuma. Ukate mkanda."

Okwach aliinama kuutazama mkanda. Alikuwa amepiga magoti, uso wake umekaribia ule mkanda uliokazwa, umbali wa kiganja kimoja, na lile kovu lilikuwa linaonekana lote.

"Mkanda huu ukikatwa hivi ulivyovutwa," alisema pole pole, "unakwenda wapi?"

Machibya alifahamu. Alifahamu kwamba, kwa muda mfupi kama kupiga chafya, yeye aliyewaambia watu wote kwamba ameitengeneza klipu hii kwa ajili ya uso wa mwenzake, alikuwa tayari kuuweka uso huo huo mbele ya mkanda ili aokoe koti la kuazima.

"Kata koti," alisema.

Okwach akakata koti. Kilitoka kipande kama cha ukubwa wa sahani, kikabaki kimening'inia kwenye robota kama ulimi wa mbwa. Wageni wakapiga makofi, tena kwa moyo, na mmoja wao akapiga picha kwa simu. Picha hiyo ipo. Machibya ndani yake amegeuza mgongo.

Yule mama Dorcas alisogea, akaishika klipu, akajaribu kuipenyeza kucha. Akajaribu tena na kalamu.

"Inashika, hilo halina ubishi," alisema. "Sasa mzee wangu, robota likifika kwetu, sisi mikanda tunaifungua, hatuikati, maana tunaitumia tena. Hii inafunguliwaje?"

Katika miezi yote ile, kwenye kurasa zote za daftari la Mhoja, Machibya hakuwahi kufikiria kufungua. Alifikiria kufunga tu. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu, akaufunga tena, na huko kufunga ndiko alikokuwa na uzoefu nako.

Mchana wakati wa chakula alikwenda kukaa karibu na Okwach nyuma ya ghala, kila mmoja na ugali wake na sato. Walikula hadi nusu ya sahani. Kisha Okwach akasema bila kumtazama:

"Ulitaka nikate mkanda."

"Nilitaka."

"Kwa ajili ya koti."

"Tena si langu. La Yeremia." Machibya aliweka tonge chini. "Ndugu yangu, nisamehe. Nilikuwa nikisema nafanya kwa ajili yako. Nilisema mpaka mimi mwenyewe nikaamini."

Okwach alitafuna, akatoa mwiba mdomoni. "Mimi nilijua," alisema. "Mtu anayefanya kwa ajili yangu angeniuliza hata mara moja. Hujaniuliza hata mara moja."

Machibya aliona kwamba ni kweli tupu. Kwa hiyo akamuuliza pale pale. Na Okwach, mtu wa "sawa", aliongea mpaka kengele ikalia: kwamba klipu iliyompiga ilikuwa imeanza kufunguka tangu presi haijafunguliwa, kwamba aliliona, kwamba alikuwa na glavu nene mno asiweze kuigusa vizuri, kwamba laiti kungekuwa na namna ya kuiona klipu mbaya kabla ya kuifunga. Kwamba hakuwahi kuogopa klipu inayoachia. Alichokiogopa ni ile ambayo huijui.

Koti lilirudi kwa Yeremia Jumamosi, likiwa na Teodora, ambaye ndiye aliyebeba maelezo. Mkato haukuweza kushonwa, kwa hiyo Teodora aliufuata pande zote mbili, akalifupisha nyuma, likawa koti la mtindo ambao haujaonekana Butimba kabla wala baada. Bahati mbaya mwalimu wa kwaya huwapa waumini mgongo. Jumapili ile Yeremia alipoinua mikono kwa wimbo wa kwanza, koti lilipanda hadi kiunoni, na akina mama wa viti vya mbele wakawa na kikohozi kisichoisha. Hakusema na Machibya kwa wiki tatu. Wiki ya nne alikuja nyumbani akisema watu wawili wamemuuliza fundi wake ni nani.

Kiwanda kilizitumia Namba Mbili kwa wiki sita, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Suzana na vijana wake walitengeneza maelfu. Hakuna hata moja iliyoachia. Lakini simu kutoka kwa wanunuzi zilikuwa zinakuja, na ya kwanza ilimuuliza Bwana Masele hizi kufuli walizoletewa funguo zake ziko wapi. Mzigo wa bandarini ulipofika, Namba Mbili ziliondolewa. Suzana akaupunguza ule ulimi, akaweka kipini cha kuufungulia, na leo anauza klipu za kukazia maturubai ya malori, zenye herufi S tu, imechongwa vizuri. Machibya akipita pale humsalimia na kumwita fundi, tena kwa sauti ya juu, watu wasikie.

Mwanzoni mwa msimu huu Bwana Masele alimwita tena ofisini. Juu ya meza palikuwa na boksi lenye klipu za aina tano: nne kutoka kwa wauzaji mbalimbali na moja Namba Mbili, ambayo meneja, kwa ule upole wake, alikuwa ameiweka asionekane kuisahau.

"Mzee, safari hii sitaki kuchagua kwa kutazama karatasi. Zipime wewe. Utakayosema ndiyo tutakayoagiza."

"Nitazipima na Okwach," alisema Machibya.

Walizipima siku nne. Walizivuta, wakazipinda, wakazifunga kwa glavu na bila glavu, wakaziacha nje zinyeshewe. Okwach alizigonga moja moja kwenye chuma karibu na sikio lake la upande usio na kovu, akisikiliza, akaziweka pembeni zilizotoa sauti asiyoipenda. Machibya aliandika. Aina ya kwanza: inateleza. Ya pili: inakata mkanda. Ya tatu: nzuri, ila glavu haziingii. Ya nne: inashika, inafunguka, sauti yake moja. Alipofika ya tano alishika kalamu muda mrefu, na Okwach akamwachia nafasi, akaenda kunywa maji.

Aliporudi alikuta imekwisha andikwa, kwa herufi zilizoanza kubwa na kumalizikia ndogo: "Inashika mno. Haifai." Okwach akasoma, akachukua kalamu, akaweka sahihi yake chini ya ile ya Machibya, wakaenda kuipeleka karatasi ofisini kabla meneja hajaondoka.